Mwembe mkongwe wenye mvungu: namna ya kuupunguza kichwa bila kuuua

Kila Novemba, upepo wa mvua za kwanza ukishaangusha tawi moja tu hapa Tabora mjini, maswali huanza upya. Mwembe wa bibi umeoza ndani mpaka mtoto anajificha humo, je, tuukate? Tujaze saruji? Tukate matawi yote ya juu ili uchipue upya? Tuwashe moto mvunguni nyuki watoke? Nimeyajibu haya barazani, kwenye simu, hata msibani. Safari hii nayaandika yote mahali pamoja.

Majibu ya mwenye haraka ni haya: usiung'oe kabla hujaupima, usijaze kitu chochote mvunguni, usiukate kichwa, na moto usiuwashe kabisa. Kazi inayotakiwa ni ndogo kuliko unavyodhani, ila inataka urudi na urudi tena kwa miaka kadhaa.

Nazungumzia mwembe kwa sababu ndio mti mkongwe wa majumbani kwetu. Miembe ya Tabora na ya Ujiji ilifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ikaishia ziwani Tanganyika. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, na mwembe unaotajwa katika mkutano huo haupo tena. Penye mnara wa kumbukumbu imesimama miembe inayoelezwa kuwa imetokana nao. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, miezi kadhaa akisubiri wapagazi. Miti iliyokuwepo zama hizo haipandwi leo ikapatikana kesho. Roho huniuma ninapoona mmoja umekatwa asubuhi moja kwa sababu tu una shimo.

Jambo la kuelewa kabla ya yote

Sehemu iliyo hai ya shina ni ganda na tabaka jembamba la mbao iliyo chini yake. Moyo wa mti mzee ni mbao iliyokwisha kufa siku nyingi; kazi yake ni kubeba tu. Kuvu wakiula moyo huo, mti unaweza kuendelea kunywa maji, kutoa majani na kuzaa embe kama kawaida. Tazama mwanzi: ndani mtupu, nje mgumu, na upepo unaupinda bila kuuvunja. Mvungu peke yake si ugonjwa wa kuua mti.

Kinachouangusha ni mzigo ulio mbali na shina. Ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani haikuchoshi sana, lakini itundike kwenye ncha ya mti mrefu uushike kwa mkono mmoja, uone. Majani ya ncha ya tawi refu ndiyo hiyo ndoo, na upepo ukizidi mwendo mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara nne hivi. Ukifupisha ncha chache tu, ukuta mwembamba wa shina unapata nafuu kubwa.

Mbinu hii imekomazwa sana kwenye mialoni ya Uingereza. Wengi wetu mwaloni tunaujua kwa kuusoma kwenye Biblia, lakini huko upo wa karne nyingi. Ule mkubwa wa msitu wa Sherwood unakadiriwa kuwa na miaka 800 hadi 1,000, shina lake lina mvungu, na matawi yake yameegemezwa nguzo. Waangalizi wa miti hiyo waligundua kwamba mwaloni ukizeeka hujishusha wenyewe: matawi ya juu hukauka polepole, ya chini na ya ndani hunenepa, na mti huendelea kuishi ukiwa mfupi. Mpogoaji anausaidia kushuka kabla upepo haujaushusha kwa nguvu.

Tofauti moja uishike. Moyo wa mwaloni una tanini nyingi, kemikali chungu inayozuia uozo, kwa hiyo huoza taratibu. Mbao ya mwembe huoza upesi mno. Kidonda ambacho mwaloni ungekivumilia, kwenye mwembe ni mlango wa mvungu mpya. Kwa hiyo tunachukua mbinu ya mialoni, lakini vidonda vyetu viwe vidogo zaidi.

Vya kuandaa

Ruhusa kwanza. Mti ukiwa uani kwako, zungumza na wenye nyumba wote na majirani ambao tawi linawafikia. Ukiwa barabarani au kwenye uwanja wa umma, nenda ofisi ya mtaa, wakuelekeze kwa afisa misitu au afisa mazingira wa halmashauri. Ukiwa ndani ya eneo la kumbukumbu, kama Kwihara au penye mnara wa Ujiji, usiguse hata jani kabla ya kuzungumza na wahusika wa Mambo ya Kale. Tawi likikaribia waya wa umeme, hiyo si kazi yako wala yangu. Nenda TANESCO wakate umeme au walete watu wao.

Wazee pia waulize. Miti mingine ina habari zake, matambiko au kaburi karibu, na kazi iliyoanza bila kumwambia mzee wa ukoo husimamishwa katikati, msumeno ukiwa juu.

Vifaa:

- Msumeno wa kupogolea wa mkono, wenye meno makali yaliyopinda. Na mwingine wa aina hiyo uliofungwa imara kwenye upembo wa mita 4 au 5.
- Kamba mbili nene zisizo na mafundo wala sehemu iliyolika.
- Futi kamba, chaki, tochi, na simu ya kupigia picha.
- Nyundo ya mbao au ya mpira, na nondo nyembamba ya milimita 6, urefu wa mita moja.
- Kofia ngumu, miwani, glavu, buti, na shati la mikono mirefu. Utomvu wa mwembe huchoma ngozi, na kuna watu huvimba uso mzima.
- Spiriti na kitambaa cha kufutia msumeno.
- Khanga kuukuu iliyochanwa vipande vyembamba. Nitaeleza kazi yake.
- Watu watatu angalau: wa kukata, wa kamba, na wa kuzuia watoto na wapita njia. Huyu wa tatu asipewe kazi nyingine.

Panga liache nyumbani. Linachana ganda na kuacha nyuzi zilizopondeka, na kidonda cha namna hiyo hakizibi vizuri. Msumeno wa mnyororo nao, kwa kazi hii, una haraka kuliko akili. Vidonda tunavyotaka ni vidogo kiasi kwamba mkono unatosha.

Hatua kwa hatua

1. Utazame mti siku kadhaa kabla ya kuugusa.

Usimame mbali, uone kichwa chote. Je, umeinama? Umeinama tangu zamani, shina likajipinda kurudi juu, au umeinama karibuni na udongo upande mmoja umeinuka? Hilo la pili ni hatari ya leo: ondoa watu, usipande, ita mtaalamu. Zunguka shina ukitafuta nyufa, uyoga mgumu unaotokeza kama sahani hasa karibu na mizizi, na ganda lililobonyea.

Kisha urudi magharibi, jua likizama, ukae nusu saa. Utaona nani anaishi humo: popo, bundi, kenge, nyuki. Kwa Tabora, nchi ya asali, nyuki ndio jibu la kawaida. Ukikuta ni nyuki wakubwa, mtafute mrina asali mzoefu awahamishe jioni kwa moshi wa ubaridi, kundi zima liingie mzingani. Nyuki wadogo wasiouma waache walipo. Hawadhuru mti wala mtu.

Hapa ndipo penye kosa ninalolichukia kuliko yote. Watu huwasha majani makavu mvunguni kufukuza nyuki au kurina asali. Mvungu ni kama dohani: moto hupanda, mbao kavu ya ndani hushika, na unaweza kuungua chinichini hadi kesho yake. Nimekuta mwembe ambao ukuta wake ulikuwa mzima pande zote, na baada ya moto wa jioni moja ukabaki ganda jembamba upande wa mashariki.

2. Pima ukuta wa shina.

Zungusha futi kamba kwenye shina usawa wa kifua. Gawanya mzingo kwa 6.28 upate nusu kipenyo. Mwembe wa mzingo wa sentimita 380 una nusu kipenyo cha sentimita 60 hivi. Sasa gonga kwa nyundo ya mbao kila baada ya kiganja kimoja, ukizunguka. Palipo pazima hulia kavu na kwa kifupi. Palipo wazi hulia kama ngoma. Weka alama kwa chaki. Kwenye midomo ya mvungu na kwenye matundu yaliyokwishakuwepo, ingiza nondo taratibu upime unene wa mbao ngumu. Usitoboe tundu jipya. Kila tundu jipya ni njia mpya ya uozo.

Kipimo wanachotumia wengi ni theluthi: ukuta mzima ukiwa theluthi moja ya nusu kipenyo au zaidi, mti una nguvu ya kutosha. Kwa mfano wetu ni sentimita 20. Ukipungua hapo, haina maana mti unaanguka kesho. Ina maana lazima upunguzwe mzigo. Ila mdomo wa mvungu ukiwa mpana, umekula theluthi ya mzingo au zaidi, kipimo hicho usikitegemee. Bomba lililopasuliwa upande halina nguvu ya bomba zima.

Andika vipimo vyote na tarehe. Mwaka kesho utavihitaji.

3. Hamisha kilicho chini.

Kabla ya kukata chochote, jiulize nani ataumia tawi likianguka. Kijiwe cha bodaboda, meza ya mama anayekaanga vitumbua, benchi la wazee, zizi la mbuzi. Kuhamisha benchi mita 8 hakugharimu kitu, na mara nyingine kunamaliza nusu ya tatizo. Mti ulio uwanjani peke yake, usio na mtu chini yake, unaweza kuachwa hata kama una ukuta mwembamba.

4. Chagua majira.

Kwetu mvua huanza Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mimi napenda wiki za mwisho za mvua. Udongo bado una maji, majani yamekomaa, ngurumo zimepungua, na mti una muda wa kutulia kabla ya kiangazi. Kigoma ni vivyo hivyo, ingawa mvua huko zinaweza kutangulia kidogo.

Usikate Septemba na Oktoba. Jua ni kali, ardhi kavu, mti una embe changa, na ganda lililozoea kivuli likifunuliwa ghafla huungua. Usikate pia mti ukiwa umejaa majani mapya mekundu. Umetumia akiba yake yote kuyatoa.

Ujue unachopoteza. Mwembe huchanua kwenye ncha zilizokomaa, kwa hiyo tawi ulilolifupisha Aprili huenda lisizae msimu huo, pengine na unaofuata. Mwambie mwenye mti mapema asije akadhani umemroga.

5. Chora kazi ukiwa chini.

Piga picha ya mti kutoka pande nne. Kwenye picha utaona matawi machache yaliyochomoza nje ya umbo la mengine. Hayo ndiyo mishale inayobeba upepo. Anza na yale yanayoning'inia upande ambao ukuta wa shina ni dhaifu, na yale marefu yaliyolala kuelekea nyumba au barabara.

Sasa chukua vipande vya khanga, uvitundike kwa upembo pale unapokusudia kukata. Rudi nyuma, tazama. Mara nyingi utaona umeweka vipande vingi mno, ondoa vitatu. Kwa mwembe mkongwe wenye mvungu, usitoe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya majani yote kwa mara moja, na mti ukiwa na afya sana, moja ya saba. Wale wanaozungumzia theluthi wanazungumzia mti kijana.

Kuna mtego hapa ambao mwaloni hauna kwa kiasi hicho. Majani mengi ya mwembe yapo kwenye ngozi ya nje, kama kitambaa cha mwavuli. Ndani ni mifupa mitupu na giza. Ukiunyoa pande zote mita moja tu, ukidhani umechukua kidogo, umechukua karibu kila jani. Kwa hiyo hatunyoi pande zote. Tunachagua matawi matano, sita, tunayafupisha mita 1 hadi 1 na nusu, na mengine tunayaacha kabisa.

Hili nililijifunza kwa gharama ya mti wa mtu. Miaka ya mwanzo niliitwa mtaa wa Isevya, hapa Tabora, na mama mmoja ambaye wanawe walikuwa wanaogopa mwembe wao utawaangukia. Kwa kuwatuliza nikatoa zaidi ya theluthi siku moja. Ulipendeza, kila mtu akasifu. Kufika Oktoba ganda la matawi ya juu likapasuka kwa jua, mchwa wakaingia kwenye nyufa, na baada ya misimu miwili ya mvua mti ukakauka wote. Mama yule hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, huu nilizaa watoto wangu wote chini yake." Tangu siku hiyo nahesabu vipande vya khanga mara mbili.

6. Kata hadi kwa mrithi.

Tawi halikatwi hewani. Rudi nyuma kutoka kwenye ncha hadi ukute tawi dogo lililo hai, lenye majani, linaloelekea nje au juu, na lenye unene usiopungua theluthi ya lile unalolikata. Hilo namwita mrithi, kwa sababu litachukua kazi ya ncha uliyoitoa: kuvuta maji na kulisha tawi lote la nyuma. Pasipo mrithi, tawi hukauka kurudi nyuma hadi litakapokuta uhai, au hutoa rundo la machipukizi yasiyo na mzizi ndani ya mbao.

Ukubwa wa kidonda: jitahidi usizidi sentimita 5, urefu wa kibiriti. Sentimita 10 ni mwisho kabisa, na uwe na sababu. Ukiona mrithi anayefaa yupo kwenye unene wa sentimita 15, liache tawi hilo. Utalifikia miaka ijayo, au utaliegemeza.

Kwa tawi zito, kata mara tatu:

a) Mkato wa kwanza chini ya tawi, kiganja kimoja mbele ya mahali pa mwisho, uingie robo ya unene. Huu unazuia ganda lisichanike likienda na tawi.

b) Mkato wa pili juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi lidondoke au lishushwe kwa kamba.

c) Mkato wa tatu unaondoa kigutu kilichobaki. Pale tawi linapoungana na mwenzake kuna uvimbe kama shingo. Kata nje ya uvimbe huo, usiukate wenyewe, na usiache kigutu kirefu. Shingo ndiyo inayotoa ganda jipya la kuziba.

Futa msumeno kwa spiriti unapohama tawi lenye dalili za ugonjwa kwenda lililo zima.

7. Nani apande?

Ikiwezekana, asipande mtu. Upembo wenye msumeno unafikia mengi, na ngazi iliyoegemezwa kwenye tawi zima na kufungwa inafikia mengine. Akipanda mtu, afungwe kamba kwenye tawi lililopimwa kwa nyundo, si kwenye sehemu ya shina inayolia ngoma. Kijana hodari wa kuchuma embe si lazima awe hodari wa kazi hii: anapochuma anakwepa tawi bovu, na hapa anatumwa kulifuata. Upepo ukianza, au wingu likinguruma, wote washuke hata kama kimebaki kipande kimoja.

Matawi yashushwe kwa kamba. Tawi la kilo 40 likianguka juu ya mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi, au likagonga shina jembamba, umeuumiza mti unaoutibu.

8. Acha vidonda na mvungu vilivyo.

Usipake rangi, lami, oili chafu wala kinyesi cha ng'ombe. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya mashina kuchunguza uozo, alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu. Hukizungushia kuta kwa ndani na kukifunika kwa nje. Rangi haisaidii kuta hizo, na mara nyingi hufungia unyevu ambao kuvu wanaupenda.

Saruji ndiyo kosa la mafundi wema. Shina linacheza na upepo, saruji haichezi. Inasugua ukuta mzima uliobaki, inashika maji, na siku mti ukihitaji kushushwa inavunja misumeno. Usikwangue pia ile mbao laini ya ndani ili "kusafisha". Ukikwangua unafika kwenye ukuta ambao mti wenyewe umejijengea, unaubomoa kwa mkono wako.

Matawi makavu usiyaondoe yote. Lililo juu ya njia lifupishwe; lililo juu ya nyasi tupu liache, ni nyumba ya hondohondo na wengine wengi.

9. Egemeza pale usipoweza kukata.

Tawi zito lililolala, ambalo kulifupisha kungeacha kidonda kikubwa, lipe nguzo. Mninga mkavu wenye panda juu unafaa, kwa kuwa mchwa hawaushambulii upesi. Weka kipande cha tairi kuukuu kati ya panda na tawi, na jiwe bapa chini ya nguzo. Nguzo iguse tawi bila kulisukuma juu. Usilifunge kwa waya. Baada ya miaka michache waya huingia ndani ya ganda na kulinyonga.

10. Hudumia ardhi.

Kwa haki, hatua hii ilistahili kuwa ya kwanza. Sisi tunapenda uwanja uliofagiwa, na kila asubuhi fagio huchukua majani, halafu udongo, mpaka mizizi inatokeza kama mishipa ya mkono wa mzee. Acha kufagia chini ya mti. Majani yake yenyewe yatandaze unene wa sentimita 5 hadi 10, kuanzia hatua moja kutoka shinani hadi pale kivuli cha mchana kinapoishia. Yasiguse shina. Zuia magari na pikipiki kuegeshwa hapo, usijengee baraza la saruji kuzunguka shina, na mtaro wa bomba upitishwe mbali.

Kiangazi cha kwanza baada ya kukata, mwagia ndoo kumi za lita 20 kila wiki mbili, pembeni mwa kivuli ambako mizizi inayonywa iko, siyo kwenye shina.

11. Rudi.

Oktoba, kabla ya mvua, zunguka na nyundo na picha zako za zamani. Kazi ya pili isifanyike kabla ya misimu miwili au mitatu ya mvua kupita. Kufikia hapo matawi ya ndani yatakuwa yamepata mwanga na kunenepa, nawe utakuwa na warithi wengine wa kuchagua. Katika miaka 10 au 12, mwembe wa mita 14 unaweza kushuka hadi mita 10 bila kidonda kimoja kinachozidi kiganja.

Kwa nini nisikate kichwa mara moja?

Naulizwa hili na wakulima hasa, kwa sababu wameona miembe ya shambani iliyokatwa mpaka vigutu ikachipua na kuzaa upya. Ni kweli, mwembe wenye shina zima na nguvu unaweza kuvumilia hilo. Mkongwe mwenye mvungu hana akiba hiyo. Tena machipukizi yanayotoka kwenye kigutu hushikwa na ngozi ya nje tu. Yakifika unene wa mkono, chini yake kigutu kimeshaoza, na yanabanduka moja baada ya jingine. Unakuwa umebadilisha hatari moja kwa hatari kumi. Kuondoa matawi madogo ya ndani na kuacha ncha zenye majani, kama mkia wa simba, nako ni kosa la namna hiyo hiyo: mzigo unabaki mbali, na warithi wa kesho umewatupa.

Mambo yakienda mrama

*Machipukizi mengi yametoka karibu na mikato.* Ulikata zaidi kidogo kuliko mti ulivyotaka. Usiyang'oe yote, mti unajaribu kujilisha. Msimu wa pili punguza yaliyosongamana, acha yenye nafasi.

*Ganda la juu limepasuka upande wa magharibi.* Limeungua na jua la mchana. Usikate kitu kingine miaka mitatu. Mwagilia, na acha kila chipukizi linalolifunika.

*Ncha zinakauka kurudi nyuma na utomvu mweusi unatoka.* Huenda ni ugonjwa wa kukausha matawi. Kata hadi kwenye mbao safi wakati wa ukavu, futa msumeno kila mkato, choma vipande mbali na mti, na mwonyeshe afisa kilimo.

*Mchwa wamejenga mvunguni.* Mara nyingi wanakula mbao iliyokwisha kufa. Oili chafu na petroli huua mizizi kabla ya kuua mchwa. Pangusa vichuguu vilivyo nje ya ganda uone kama chini yake ganda ni zima; likiwa zima, waache.

*Maji yanakaa mvunguni.* Usitoboe tundu la kuyatolea. Mbao iliyojaa maji tele huoza polepole kuliko ile yenye unyevu na hewa.

*Uyoga mgumu umetokea chini kabisa ya shina.* Kuung'oa hakuondoi kuvu aliye ndani. Piga picha, pima ukuta upya hapo na kwenye mizizi mikubwa kwa kugonga. Ukiwa pande mbili za shina au zaidi, usisubiri zamu inayofuata; hamisha watu na tafuta mtu mwenye uzoefu.

*Majani ya upande mmoja yananyauka wakati ardhi ina maji.* Tatizo liko mizizini upande huo. Uliza kama kuna mtaro ulichimbwa, moto wa taka ulichomwa, au ganda lilibanduliwa kwa dawa. Ganda la dawa lichukuliwe kwenye matawi uliyoyakata, waganga wengi hukubali ukiwaeleza.

*Ufa mpya umetokea shinani, kingo zake ni nyeupe.* Ukiona hivyo, au ukisikia mti unalia usiku bila upepo mkali, funga eneo kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa mti. Mti wa mita 14, mita 21. Hapa hakuna tena kupunguza taratibu. Ni kuushusha, na wanaoushusha wasipande juu yake. Ukishashuka, acha kisiki kirefu kadiri usalama unavyoruhusu, na kabla matawi yaliyoshuka hayajanyauka, chukua vikonyo vya ncha zilizokomaa, uvifunge kwenye kitambaa chenye maji, uvibebeshe, yaani uviunganishe, kwenye miche ya embe ya kienyeji siku hiyo hiyo.